Ndege Hutengenezwa Ikiwa Chini



Wasomaji watukufu, barua nyingi zinazoifikia safu hii huhusu karo, mawifi wasiosikizana, na watoto wasioinua nyuso zao kutoka kwenye simu. Iliyonifikia mwezi huu ni ya aina nyingine, nami nimeona niijibu mbele yenu nyote, kwani ndani yake mna jambo linalogusa kila nyumba yenye mtoto anayependa kufungua na kufunga vitu.

Mwandishi wake ni mama wa asili ya Lamu anayeishi Kawangware, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Mumewe yuko kazini Ghuba. Mwaka huu baba huyo alimletea mwanawe wa miaka 15 sanduku lenye ndege ya kuunga: mbavu za mbao nyepesi za balsa, plastiki nyembamba ya kuivika, mota ya umeme, betri na rimoti. Si ndege ya pambo la kabatini. Ni ndege ya sarakasi, iliyobuniwa kupinduka, kuruka chali na kujizungusha kama tiara iliyokatika uzi. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita 1.2, na uzito wake ikiwa tayari kuruka ni kama kilo moja.

Kijana aliiunga likizo nzima ya Agosti. Siku ya kwanza iliruka vyema, ikatua, na mtaa ukashangilia. Baadaye betri ikafura, ikanunuliwa nyingine. Tangu hapo ndege imepaa mara mbili, na mara zote mbili imeinua pua, ikalalia ubavu wa kushoto, ikaanguka. Mara ya pili iliangukia hatua mbili kutoka kwenye mkeka aliolazwa mtoto mchanga wa jirani.

"Sheikh," ameandika mama huyo, "yule mtoto hakupatwa na kitu, lakini mimi silali. Kila Ijumaa baba yake hupiga simu kuomba video ya ndege ikiruka, na mwanangu humwambia upepo ulikuwa mkali. Sasa ameanza kudanganya kwa sababu ya kitu cha kuchezea. Je, niiuze, niifungie kabatini, au nimwachie ajaribu mara ya tatu?"

Swali hili lina pande mbili, na upande wa pili ndio mzito. Mtoto anayemficha baba yake kosa dogo leo anajifunza njia ya kuficha makubwa kesho. Lakini upande huo hautatengenea kwa kuuza ndege. Utatengenea kijana akijua kwa hakika kwa nini ndege yake inaanguka, maana mwenye kujua sababu ya kosa hana haja ya kusingizia upepo. Kwa hiyo tuanze na ndege yenyewe.

Chombo cha namna gani hiki?

Ndege za mfano si zote sawa. Iko ya mwanafunzi: bawa lake limekaa juu ya bodi, ncha zake zimeinuliwa kidogo kama mikono ya mtu aombaye dua, na tumbo la bawa ni bapa. Ukiachia vijiti vya rimoti, ndege hiyo aghalabu hujinyoosha yenyewe.

Ya sarakasi haina huruma hiyo. Bawa lake limepita katikati ya bodi, na mgongo wa bawa na tumbo lake vina mviringo mmoja, ili ndege iruke chali kama irukavyo kifudifudi. Vibawa vyake vya kuongozea ni vipana mno. Ukiilaza ubavu, italala ubavu hadi uiinue; ukiielekeza ardhini, itakwenda ardhini. Hutii kila amri, hata amri uliyoitoa bila kukusudia.

Kwa sababu hiyo ndege ya sarakasi haifai kuwa ya kwanza kwa mtu asiyewahi kurusha. Kijana wetu alikuwa amejizoeza miezi kadhaa kwa programu ya urushaji katika kompyuta ya mjomba wake, akitumia rimoti ileile, na mazoezi hayo ndiyo yaliyoiokoa ndege siku ya kwanza. Mzazi anayetaka kununua chombo kama hiki na aanze hapo. Katika kompyuta ndege huanguka mara 100 bila kumgharimu mtu hata shilingi.

Sehemu zinazoongoza ndege ni tatu. Kwenye kingo za nyuma za mabawa kuna vibawa viwili vinavyoitwa aileroni. Kimoja kikipanda mwenzake hushuka, na ndege hulala upande. Kwenye mkia kuna eleveta, inayoinua pua na kuiinamisha. Na mwisho kabisa kuna usukani, ambao wasomaji wangu wa Lamu na Mombasa hawahitaji kufafanuliwa, kwani ni ule ule wa jahazi. Kila sehemu huvutwa na kimota kidogo kiitwacho servo, ambacho hupata amri kutoka kwenye kipokezi kilicho tumboni mwa ndege, nacho kipokezi husikiliza rimoti iliyo mkononi mwa mrushaji.

Umuhimu wa mkia si habari mpya kwetu. Al-Maqqari, mwanahistoria aliyefariki mwaka 1632, amemtaja katika habari zake za Andalusi mtu wa Kurtuba aitwaye Abbas ibn Firnas, aliyefariki mwaka 887. Yasimuliwa kwamba alijivika manyoya, akajifanyia mabawa, akaelea hewani kwa masafa fulani, kisha akaumia mgongo wakati wa kutua. Sababu aliyoieleza Al-Maqqari ni kwamba hakuzingatia kuwa ndege hutua kwa msaada wa mkia, naye hakujifanyia mkia. Tazameni jinsi hukumu ilivyotafutwa katika sababu, si katika kulaani mabawa.

Kuunga kwa subira

Kazi ya kuunga haihitaji nguvu, yahitaji mkono mwepesi na jicho la mshonaji. Mbavu huwekwa juu ya mchoro uliotandazwa kwenye ubao ulionyooka. Ubao ukiwa umepinda, bawa litapinda, na bawa lililopinda hubaki hivyo hadi siku litakapovunjika. Kabla ya gundi, kila kipande hujaribiwa kikiwa kikavu. Baada ya gundi hakuna majaribio.

Hapa hali ya hewa ya Nairobi ina neno lake. Epoksi ambayo kopo lake ladai kukauka kwa dakika 5 huchelewa sana katika baridi ya Julai na Agosti, na mtoto mwenye pupa huiinua kazi kabla haijashika. Ndege iliyotoka Pwani nayo hupata msukosuko wake: mbao iliyokunywa unyevu wa bahari hujikausha ikifika bara, na plastiki iliyovikwa mabawani hulegea na kukunjamana. Dawa yake iko katika kila nyumba, nayo ni pasi. Pasi ya moto mdogo, iliyofunikwa kitambaa safi, hupitishwa taratibu juu ya plastiki nayo hujivuta ikakaza kama ngozi ya ngoma. Lakini uvutwe upande mmoja kuliko wa pili, na bawa litajipinda. Kwa hiyo hupigwa pasi juu na chini kwa kiasi kimoja, na kila baada ya muda bawa hutazamwa kwa nyuma, jicho moja likiwa limefumbwa, kama seremala atazamavyo ubao.

Mota za siku hizi zina nyaya tatu. Ikizunguka kinyume, nyaya zozote mbili kati ya hizo hubadilishana nafasi, basi. Rafadha nayo ina mbele na nyuma: upande wenye maandishi na tarakimu huelekea mbele. Na wakati wote wa kuunga na kujaribu mezani, rafadha iwe imetolewa. Mota ya umeme haitoi onyo. Waya ukiguswa vibaya huanza mara moja, na rafadha hukata kidole kama kisu cha bucha.

Nini kimebadilika?

Nilikuwa na safari ya Nairobi kwa arusi ya jamaa, nikapata fursa ya kumtembelea mama huyu pamoja na mke wangu. Nduguye, yaani mjomba wa kijana, alikuwapo. Kijana alinipa mkono, akaniamkia shikamoo, kisha akaileta ndege akiibeba kwa mikono miwili kama mtu aletaye mgonjwa.

Katika ujana wangu, kabla sijapewa darasa la kusomesha, nilikuwa nikitengeneza redio. Fundi wa redio ana swali moja analouliza kabla ya kushika bisibisi: mara ya mwisho ilipofanya kazi ilikuwa lini, na nini kimebadilika tangu siku hiyo? Nilimwuliza kijana hivyo hivyo.

Akajibu: "Hakuna kilichobadilika, Ustadhi. Ndege ni ileile. Nadhani rimoti inapoteza mawimbi."

Tulianza basi na shaka yake, kwa kuwa shaka ya mtoto isipopimwa humkaa moyoni. Rimoti ina hali ya majaribio inayopunguza nguvu za mawimbi. Aliiweka katika hali hiyo, akatembea hatua 30 nje huku mjomba akiishika ndege, na vibawa vyote vikatii. Antena mbili za kipokezi zilikuwa zimelazwa kwa pembe mraba, moja ikienda huku na nyingine kule, kama inavyotakiwa. Rimoti ilitoka kizimbani.

Tukapima pande za amri. Kijiti kikisukumwa kulia, aileroni ya kulia yapanda na ya kushoto yashuka: sawa. Kijiti cha eleveta kikivutwa nyuma, eleveta yapanda: sawa. Usukani kulia, ukitazamwa kwa nyuma, waenda kulia: sawa. Tukavuta kila kibawa kwa vidole kuona kama bawaba zimelegea. Moja ya aileroni ya kushoto ilikuwa na nafasi kidogo, tukaitia gundi. Lakini ulegevu huo haukutosha kuangusha ndege. Bawa lilitazamwa kwa nyuma, halikuwa limejipinda.

Hapo mama, aliyekuwa ameketi kando akichambua mchele, alisema: "Lakini betri ile mpya ni nyepesi. Nilipoipokea nilidhani mna maganda tu."

Kijana akasema, "Mama, ni volti zilezile." Na kweli: zote mbili zilikuwa na seli tatu, na zote mbili hufikia volti 12.6 zikijaa. Ndivyo alivyoambiwa katika duka moja la Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya umeme katikati ya jiji, na alichoambiwa hakikuwa uongo. Betri mpya ilitoa umeme wa kiasi kilekile. Tofauti ilikuwa muda wa kudumu na uzito.

Mama akaleta mizani yake ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Betri ya zamani, iliyokuwa imewekwa nje kwenye ndoo ya mchanga, ilipimwa ikawa gramu 182. Mpya ilikuwa gramu 113. Tofauti ya gramu 69, chini ya nusu kikombe cha sukari. Nani angeijali?

Ndege huijali. Betri hukaa karibu na pua, mbali na kitovu cha uzito. Ukipunguza gramu 69 hapo, kitovu hurudi nyuma. Kitabu cha ndege kinataka kitovu kiwe sentimita 6.5 kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Kijana alitia alama mbili kwa kalamu chini ya mabawa, akaibeba ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo. Mkia ukaanguka. Akarudisha vidole nyuma kidogo kidogo hadi ndege ikatulia. Rula ikasema sentimita 7.6.

Wenye kujua vyombo vya baharini wameshafahamu. Nahodha akipakua shehena ya omo na kuiacha ya tezi, jahazi huinua pua na usukani huwa hauna adabu. Ndiyo maana kuna farumi, na ndiyo maana hupangwa kwa hesabu. Wahenga wetu walisema, kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: mwishowe mambo yote hurudi katikati ya chombo.

Ndege yenye mkia mzito huinua pua bila kuombwa. Pua ikiinuka, mwendo hupungua. Mwendo ukipungua mno, hewa haiwezi tena kulishika bawa. Bawa moja huachwa na hewa kabla ya jingine, nalo hushuka ghafla. Kijana huona ndege inalala kushoto, naye husukuma kijiti kulia, lakini hakuna hewa ya kutii amri ile. Huko ndiko kuanguka alikokusimulia mama katika barua yake, neno kwa neno.

Walifunga betri mbele zaidi, karibu na ukuta wa mota, na bado haikutosha. Basi wakaamua kuwa betri hiyo itumike mezani tu kwa majaribio, na inunuliwe nyingine yenye uzito wa ile ya kwanza. Kijana alinyamaza kwa muda, kisha akamwomba mama yake simu. Alimpigia baba yake siku hiyohiyo, wala haikuwa Ijumaa. Sikuyasikiliza yote, lakini nilisikia akisema: "Baba, si upepo. Ni betri, na ilianguka karibu na mtoto wa jirani."

Hewa ya bara ni nyepesi

Wako wasomaji wetu wenye watoto Mombasa na jamaa Nairobi, na likizo ikifika vitu vya watoto husafiri nao. Jueni kwamba ndege iliyoruka vyema ufukweni itabadilika tabia jijini. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Pwani. Rafadha husukuma hewa iliyopungua, na bawa hubebwa na hewa iliyopungua. Ili ndege isiangushwe, yapaswa kwenda kasi zaidi kwa karibu asilimia 9, hata wakati wa kutua. Anayekuja kutua kwa mwendo aliouzoea Pwani ataona ndege inamwacha mkononi.

Kwa hiyo bara si mahali pa kuongeza uzito wa ovyo, si mahali pa betri iliyochoka, na si mahali pa kuinua pua kwa haraka. Ndege ya kijana wetu ilikuwa na makosa mawili yaliyokutana: mkia mzito na hewa nyepesi. Kila moja peke yake huenda lingestahimilika.

Betri si kitu cha kulala nacho

Nasimama hapa kidogo, akina mama, kwani betri hizi za lithiamu zinaweza kuwaka moto, na moto wake ni mkali. Zijazwe kwa chaja yake maalumu tu, juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na zulia, pazia na godoro, na mtu mzima awe macho pale pale. Zisijazwe usiku watu wakilala, wala wakati wa kwenda msikitini. Kila seli hukomea volti 4.2 ikijaa, isishushwe chini ya volti 3.3 wakati wa kuruka. Na ikiwekwa wiki kadhaa bila kutumika, iachwe kwenye volti 3.8. Betri iliyofura haijazwi tena, haitobolewi, haiwekwi katika droo ya vitambaa. Hutolewa nje kwenye chombo chenye mchanga hadi ipelekwe kwa wanaopokea taka za umeme.

Mahali na sheria

Jambo ambalo mama hakuliuliza, lakini nilikuwa na wajibu wa kumwambia, ni hili: uwazi ulio baina ya nyumba za Kawangware si uwanja wa kurushia ndege, hata kitovu cha uzito kikiwa sawasawa. Kilo moja inayoshuka kwa kasi yaweza kuua.

Kisha kuna anga yenyewe. Uwanja wa Ndege wa Wilson, ambako huondoka ndege ndogo ziendazo Lamu na Maasai Mara, uko chini ya kilomita 10 kutoka Kawangware kwa mstari ulionyooka, na karibu zaidi kutoka Kilimani. Nchini Kenya vyombo vinavyoruka bila rubani ndani viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kanuni zake ni za mwaka 2020. Kanuni hizo zinagusa kuingiza chombo nchini, kukisajili, kimo kisichozidi futi 400, na umbali kutoka viwanja vya ndege. Na mwenye kumiliki chombo hutakiwa awe ametimiza miaka 18. Mtoto wa miaka 15 hawezi kubeba jukumu hilo. Mzazi ndiye mwenye chombo na ndiye mwenye kuulizwa. Kabla ya kuruka tena, mama na nduguye wataiuliza Mamlaka hiyo ndege yao imeingia katika fungu gani na ni wapi wanaruhusiwa, kisha watafute uwanja wa wazi nje ya mji kwa idhini ya mwenye ardhi. Na baba aliye ng'ambo na aulize kwanza kabla ya kutuma zawadi, kwani chombo kikizuiliwa forodhani huvunja moyo wa mtoto kuliko kukosa zawadi.

Orodha ya mama

Sasa jawabu la swali. Asiiuze, asiifungie, wala asimwachie peke yake. Namshauri ashike orodha.

Katika safari za ndege kubwa, marubani husomeana orodha kabla ya kupaa, ijapokuwa wameipitia mara elfu. Mmoja husoma, mwenzake hutazama na kujibu. Anayesoma si lazima awe hodari kuliko anayejibu; kazi yake ni kutoruka mstari. Mama asiyejua servo ni nini anaweza kuifanya kazi hii vyema kuliko mjuzi mwenye haraka. Hii hapa, kateni muibandike kwenye kifuniko cha sanduku:

1. Betri ni ya uzito uleule, imejaa, haikufura, na imefungwa imara kwa mkanda wake?
2. Ndege imebebwa kwa vidole kwenye alama, ikakaa sawa au ikainamisha pua kidogo?
3. Kila kibawa kimevutwa kwa vidole, na bawaba zote zimeshika?
4. Mabawa na mkia vimetazamwa kwa nyuma, havikujipinda?
5. Rimoti imewashwa kwanza, ndipo ndege?
6. Kijiti kulia: aileroni ya kulia imepanda? Kijiti nyuma: eleveta imepanda? Usukani umefuata kijiti?
7. Katika hali ya majaribio, kwa hatua 30, vibawa vyote vimetii?
8. Rimoti ilipozimwa kwa makusudi, rafadha ikiwa imetolewa, mota ilisimama? Na rafadha imerudishwa ikakazwa?
9. Mbele, nyuma na kando hakuna mtu, mtoto, mnyama, nyumba wala waya wa umeme?

Jawabu likiwa "ndiyo", nendeni kwenye swali linalofuata. Likiwa "hapana", ndege hairuki siku hiyo. Na likiwa "nadhani ndiyo", hesabuni kuwa ni "hapana". Neno "nadhani" ndilo linaloangusha vyombo vingi.

Baada ya kuruka, ndege huzimwa kwanza, rimoti mwisho. Kisha kijana aandike katika daftari tarehe, betri iliyotumika, na kila alichokibadilisha, hata kama ni skrubu moja. Ndege ikianza ukaidi, daftari hilo litajibu swali la nini kimebadilika kabla halijaulizwa. Na arekebishe jambo moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha matatu kwa mpigo, ndege ikipona hajui dawa ilikuwa ipi, na ikizidi kuugua hajui sumu ilikuwa ipi.

Akina mama watukufu, watu husema vyombo vya umeme ni vya wanaume na vijana. Lakini ni mama aliyejua kwa kiganja chake kuwa gramu 69 zimepotea, kwa sababu kiganja hicho hupima unga na mchele kila siku. Basi msiogope kuketi karibu na meza ya mtoto anayeunga kitu. Hamhitaji kujua majina ya vifaa vyote. Ulizeni: mara ya mwisho ilifanya kazi lini? Kipi kimebadilika? Umepima au umedhani? Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo kwa upole juu ya mbao na waya, siku moja atajiuliza hivyo mwenyewe juu ya masomo yake, biashara yake na nyumba yake, na hatakuwa na haja ya kuusingizia upepo.

Wiki ijayo, inshaallah, tutarudi kwenye barua za karo ambazo zimerundikana. Wabillahi tawfiq.